Uliza Mjomba: Wazee wamenuniana kisa Trump, sie wa Tanga inatuhusu nini?

Mjomba shikamoo. Mimi kijana wa Ngamiani, hapa kijiweni kwetu barabara ya kumi na tatu kuna wazee wawili, mmoja fundi cherehani mwingine mstaafu wa reli, hawasemezani wiki ya pili sasa kisa Marekani. Fundi anasema Trump ndo mwanaume, mambo ya kutoa mimba kayapiga marufuku. Mstaafu anasema Democrat ndo watu wa wanyonge, Obama kawaletea bima ya afya. Walianza vizuri tu na hoja wakaishia kutajiana koo, mpaka muuza kahawa akabeba dele lake akahamia mtaa wa pili, sasa kahawa tunaifuata. Na hamna hata mmoja mwenye kura kule! Nani yuko sahihi mjomba, na hivi ni akili kweli kugombania nchi ya watu?
Kijana wa Ngamiani

Marahaba mwanangu. Nianze na hilo la mwisho, manake watu wengi wanalisema kama dongo. Kubishania Marekani si ujinga. Mwaka 2025 serikali ya Trump iliifunga USAID, shirika lao la misaada, na hapa nchini kuna watu wa miradi ya afya walijikuta hawana kazi, kwaiyo wakipiga kura Ohio huku mtu anaweza akakosa mshahara. Bishaneni tu. Tatizo la hao wazee wako ni kwamba kila mmoja kabeba chama kizima mgongoni wakati alichokipenda ni kitu kimoja tu ndani yake.

Tuanze na fundi. Trump hajapiga marufuku kutoa mimba. Kilichotokea ni kwamba tarehe 24 Juni 2022 Mahakama ya Juu ya Marekani ilifuta hukumu yake yenyewe ya mwaka 1973, ile inayoitwa Roe v. Wade, iliyokuwa inalinda haki hiyo nchi nzima, na siku hiyo rais alikuwa Biden, sio Trump. Mkono wa Trump upo, hilo halipingiki, majaji watatu kati ya wale tisa aliwateua yeye kwenye muhula wa kwanza na jaji kule akishaingia ni wa maisha. Ila mahakama haikusema ni marufuku, ilisema kila jimbo likaamue lenyewe. Basi Texas ikafunga karibu kila mlango, California mwaka huohuo wananchi wakapiga kura kuiingiza haki hiyo kwenye katiba ya jimbo lao. Nchi moja, sheria mbili zinazotazamana. Kwaiyo mtu akikwambia "Marekani mimba wanatoa" au "Marekani hawatoi" muulize kwanza jimbo gani.

Mstaafu naye kapatia nusu. Sheria ya bima ya Obama ni ya mwaka 2010 kweli, na hakuna mbunge hata mmoja wa Republican, chama cha Trump, aliyeipigia kura. Lakini bima ya wazee na ya watu wa kipato cha chini, yaani Medicare na Medicaid, zilianza 1965 enzi za Lyndon Johnson, Obama mwenyewe alikuwa mtoto wa miaka mitatu. Halafu kuna kitu mstaafu akikisikia atakaa chini. Julai 2017 Republican walitaka kuivunja sheria ya Obama, usiku wa manane kabisa, na aliyewakwamisha ni mwenzao, seneta John McCain wa Arizona, mzee mgonjwa ametoka kufanyiwa upasuaji wa kichwa wala si muda mrefu, akasogea mbele ya karani, akanyoosha mkono, akaelekeza dole gumba chini. Kura 49 kwa 51, ikaanguka. Huyo alishawahi kugombea urais na Obama mwaka 2008 akapigwa! Sasa mstaafu akisema Republican wote maadui wa wanyonge huyu anamuweka wapi?

Coastal na African Sports sawa, timu unaishangilia yote, hata beki anayekuudhi ni wa kwako. Sheria haiko hivyo na Wamarekani wenyewe wanalijua hilo kuliko sisi. Novemba 2020 watu wa Florida walimpa Trump jimbo lao, na siku hiyohiyo, karatasi ileile, asilimia zaidi ya 60 wakapitisha kima cha chini cha mshahara kipandishwe mpaka dola 15 kwa saa, kitu ambacho Democrat ndo wanakipigia kelele miaka yote (cha taifa kimeganda kwenye dola 7.25 tangu 2009). Missouri 2024 hivyohivyo, wamemchagua Trump kwa kura nyingi tu halafu hapohapo wakairudisha haki ya kutoa mimba kwenye katiba ya jimbo. Mtu anaingia kwenye chumba cha kura anasema huyu namtaka, hili la kwake silitaki. Sasa wao wenyewe wanachambua, fundi wa barabara ya kumi na tatu anabeba gunia zima bila kulifungua, ili iweje?

Kwaiyo mwanangu wakae tena ila wawekeane sharti, jina la chama na jina la mtu yasitajwe nusu saa ya kwanza. Aseme anataka sheria iseme nini na nani aadhibiwe. Fundi aseme, mwanamke aliyetoa mimba afungwe au asifungwe, na daktari je, na kama mama yuko hatarini kufa je. Mstaafu aseme, bima hiyo alipe nani, yule kijana mzima asiyeumwa alazimishwe kukata au aachwe. Hapo utawasikia wanakubaliana kwenye mambo ambayo walitukaniana koo, nakuhakikishia. Na muuza kahawa muende mkamuombe radhi nyie vijana, yeye kakosa nini.

Mjomba za masiku. Mi mvuvi wa Sahare. Kuna kitu hakiniingii akilini. Mwaka 2016 yule mama Clinton kapata kura nyingi kuliko Trump na bado kashindwa. Huo si wizi wa mchana? Halafu ndo hao wanatufundisha demokrasia.
Mvuvi, Sahare

Salama bwana, za baharini. Si wizi, ni sheria yao, na unaweza ukaichukia sheria bila kuita wizi. Clinton alimzidi Trump karibu kura milioni 2.9. Ila kule rais hachaguliwi kwa kujumlisha kura za nchi nzima kama huku kwetu, anachaguliwa na wajumbe 538 na ukifikisha 270 umemaliza. Kila jimbo lina wajumbe sawa na idadi ya wabunge wake ukijumlisha na maseneta wake wawili, na mji wa Washington unapewa watatu. Karibu kila mahali anayeongoza jimboni anabeba wajumbe wote hata kama kashinda kwa kura moja, isipokuwa Maine na Nebraska wao wanagawa. Clinton alijaza California mpaka ikamwagika, zile za ziada hazikumsaidia kitu, Trump akapenya kwa kura chache Michigan, Wisconsin na Pennsylvania akabeba wajumbe wao wote. Mwaka 2000 ndo ilikuwa balaa zaidi, jimbo zima la Florida lenye wapiga kura karibu milioni 6 liliamuliwa kwa kura 537 na Bush akawa rais. Ila usije ukasema ndo kila mara, 2024 Trump alishinda kotekote, wajumbe 312 na kura za watu pia.

Sasa hapa ndo penye utamu wa mjadala. Wyoming ina watu kama laki 5 na 80 hivi, haifiki hata robo ya watu wa mkoa wetu wa Tanga, lakini ina maseneta wawili sawasawa na California yenye watu karibu milioni 39. Mtu wa Dar atasema huo uonevu. Mimi mtu wa Tanga moyo unasita kidogo, manake sisi ndo tunaolalamika kila siku kwamba kila kitu Dar, Dar, Dar, bandari yetu ilikaa miaka meli zinatia nanga mbali huko, mizigo inapakuliwa kwa matishari, nani alijali? Kwaiyo hoja ya kuwapa wadogo sauti naielewa vizuri sana.

Lakini nikiiangalia vizuri naona huo mfumo wa wajumbe haumsaidii hata huyo mdogo. Wagombea hawaendi Wyoming, wanajua imeshalala Republican, hawaendi na California kuomba kura, imeshalala Democrat. Mwaka 2024 karibu kampeni yote ilikuwa majimbo saba, Pennsylvania, Michigan, Wisconsin, Georgia, North Carolina, Arizona na Nevada, na Trump akayabeba yote saba. Wengine wote watazamaji kama mimi na wewe. Msimamo wangu, Seneti ibaki ilivyo iwalinde wadogo, rais ahesabiwe kura za watu wote. Mwenye hoja ya kunigeuza alete, nasubiri.

Kaka mkubwa, mimi mwalimu wa msingi Chumbageni. Watoto wanauawa shuleni kwa bunduki na bado hawazikatazi. Hivi hawana uchungu?
Mwalimu

Uchungu wanao mwalimu, usiwaone hivyo. Desemba 2012 pale Sandy Hook, Connecticut, waliuawa watoto 20 na watu wazima 6 shuleni, na Aprili iliyofuata ukaletwa muswada wa kupanua upekuzi wa rekodi ya mnunuzi kabla hajauziwa silaha, wala sio wa kukataza bunduki. Ulipata kura 54 kati ya 100 Seneti. Ukaanguka! Manake kule kwa desturi yao unahitaji 60 ili mjadala ufungwe mwende kwenye kura yenyewe. Walio wengi walitaka, haikupita. Mpaka Juni 2022, baada ya watoto 19 na walimu wao wawili kuuawa Uvalde, Texas, ndo ikapita sheria ya kuongeza upekuzi kwa wanunuzi wa chini ya miaka 21.

Kuzikataza kabisa ni habari nyingine, haki ya silaha iko kwenye katiba tangu 1791 na Mahakama ya Juu mwaka 2008 ilisema ni haki ya mtu binafsi nyumbani kwake. Kuibadili katiba unahitaji theluthi mbili ya mabunge yote mawili halafu majimbo 38 yakubali. Labda wajukuu zetu. Mimi ningekuwa na kura kule ningepiga ya upekuzi kila ninapoipata, huku kwetu silaha bila kibali cha polisi hupati na sijawahi kusikia mtu analalamika kanyimwa uhuru.

Mjomba kila siku unazunguka tu. Sema wazi wewe Republican au Democrat?
Msomaji wa Pangani

Siko kokote, ila sio kwamba naogopa kusema. Bunduki umeshanisikia, urais umeshanisikia. Bima ya afya niko na kina Obama, mtu asife kwa kukosa hela ya hospitali, kwangu hilo halina mjadala. Mimba, dini yangu naijua na nyumbani kwangu naifuata, lakini kumpeleka jela msichana ambaye hata aliyempa mimba hatumtafuti, hapo fundi hanipati. Kodi na matumizi ya serikali nawasikiliza Republican zaidi kuliko watu wanavyodhani, serikali inayokopa kila mwaka kuna siku itawadai watoto. Mipaka, nchi ina haki ya kujua nani kaingia, ila mtu kukamatwa kazini au barabarani kwa sura yake na lafudhi yake sikubali. Haya, nitie kwenye gunia gani?

Shikamoo kaka. Mwanangu yuko Ohio, aliondoka kwa ile bahati nasibu ya Green Card, na amepata mtoto kule mwaka juzi. Sasa kila akipiga simu ni siasa tu, anasema wageni wamezidi wafukuzwe, wafunge na hiyo bahati nasibu yenyewe. Nikimwambia na wewe mgeni anakata simu. Nifanyeje, na huyo mjukuu wangu usalama wake ukoje?
Mama wa Mikanjuni

Marahaba dada yangu, na hongera ya mjukuu. Kwanza usikasirike, ana haki ya kuwaza anavyowaza, na yuko na wenzie wengi kule wanaosema sisi tulifuata foleni na wengine wafuate. Hiyo ni hoja. Ila hiyo ya kufunga bahati nasibu mwambie taratibu, siku hasira zimeshuka, kwamba ule mpango uliletwa na sheria ya 1990 aliyoisaini Bush mzee, Republican, ulikuwa unatoa viza kama elfu 55 kwa mwaka kwa watu wa nchi ambazo hazijapeleka wengi, na Trump tangu 2017 alisema anataka uondoke, mpaka Desemba 2025 serikali yake ikausimamisha. Kama ungeondoka mapema yeye angekuwa anapiga simu kutoka Mikanjuni. Usiseme kwa kejeli lakini, uliza tu, "Je mdogo wako akiomba mwakani asipate, utamwambia nini?" Kisha nyamaza umsikilize.

Mjukuu, kwa katiba yao aliyezaliwa kule ni raia, marekebisho ya 14 ya mwaka 1868, na Mahakama ya Juu ililithibitisha 1898 kwenye kesi ya Wong Kim Ark, mtu aliyezaliwa San Francisco kwa wazazi Wachina. Trump aliposaini amri Januari 2025 ya kubana uraia wa kuzaliwa, iliwalenga watoto ambao mama hana kibali au yupo kwa muda tu na baba si raia wala mkazi wa kudumu. Baba mwenye Green Card, yaani mkazi wa kudumu, hata kwa maneno ya amri yenyewe mtoto wake hakuguswa, na mahakama ziliizuia haraka. Kwaiyo hapo lala usingizi. Kwetu huku sheria haimruhusu mtu mzima kushika uraia wa nchi mbili, hilo baba yake alijue mapema kabla mtoto hajafika miaka 18.

Ninachokiogopea mimi ni hicho kiherehere chake cha siasa. Mwenye Green Card hana kura ya rais wala ya bunge lao, mpaka akae miaka mitano ndo aombe uraia (mitatu kama kaoa raia), na akipiga kura kabla ya hapo ni kosa la jinai na anaweza kurudishwa nyumbani kabisa. Na mtego uko mahali pa kawaida, ofisi ya leseni za udereva, kwenye fomu kuna swali kama anataka kujiandikisha kupiga kura, mtu anatiki haraka haraka bila kusoma. Mpigie leo, hayo mengine acheni kwanza, muulize hilo tu kama amewahi kutiki, na kama alitiki aende kwa mwanasheria wa uhamiaji kabla hajapeleka fomu yoyote ya uraia.