Kabla hujatia bei ya kupima wafungwa, sikia yaliyonikuta

Juzi saa tano usiku mdogo wangu mmoja wa Masasi, tabibu, kanitumia ujumbe: "Dada, nimeona zabuni ya huduma za afya gerezani kwenye NeST, ule mfumo wa serikali wa zabuni mtandaoni. Inalipa?" Nikacheka peke yangu, halafu usingizi ukakata.

Mimi hapa Mtwara nina maabara ndogo, niliyoianza na darubini moja na friji ya kukopa. Niliposhinda mkataba wa kupima kwenye gereza moja la huku Kusini, nilijiona nimefika. Nilimwambia mama, mama akawaambia Magomeni nzima. Mambo ya TIN, leseni na usajili wa maabara siwachoshi nayo, mnayajua.

Kilichoniponza ni bei. Niliweka bei moja ya mkupuo kwa mwezi, waliomo wawe wangapi. Hesabu niliipiga Mei, kwa orodha ya siku ile. Nikasahau kwamba wafungwa ndio wanaokaa; mahabusu wanaingia na kutoka kila mahakama inapokaa. Oktoba msimu wa korosho ukafunguka. Wizi wa magunia, ugomvi wa mipaka ya mikorosho, watu wana hela mpya wanapigana vilabuni. Selo zikafurika, na kila anayeingia anatakiwa apimwe. Vitendanishi, zile dawa za kupimia, vya mwezi mzima viliisha tarehe 12. Vingine nilinunua kwa ada ya mwanangu, na hata mume wangu anaisoma habari hii hapa kwa mara ya kwanza.

Kwa hiyo, mdogo wangu, tia bei kwa kila kipimo. Waking'ang'ania mkupuo, weka kikomo cha idadi, na bei ya kila anayezidi hapo.

Halafu kuna geti. Wewe unadhani kupima watu 40 ni kazi ya asubuhi moja. Simu unaiacha getini. Sindano zinahesabiwa ukiingia, zinahesabiwa ukitoka. Siku moja lanseti moja ikapungua, kile kisindano cha kutoboa kidole, kidude kisichozidi ukucha. Nyapara akawachuchumaza watu wote juani. Makopo ya makohozi ya kupeleka hospitali ya Ligula yamo kwenye kisanduku, barafu inayeyuka, na mimi natoka jasho kuliko barafu. Zaidi ya saa nzima. Mwisho afande mmoja wa kike akaiona imenasa kwenye kola ya koti langu. Koti langu mimi! Sikumtazama mtu usoni siku ile. Saa za kusubiri nazo zitie kwenye bei.

Malipo sasa. Ankara za miezi mitatu zililala, kila nikienda naambiwa njoo Jumatatu. Kumbe orodha ya waliopimwa haikuwa na sahihi ya mganga wa zahanati ya gereza, na hakuna aliyenifungulia mdomo. Zilipolipwa, ikakatwa asilimia 5 ya kodi ya zuio, ambayo nayo sikuiweka kwenye hesabu. Nina kinyongo mpaka leo, sifichi.

Na ninyi mnaokimbilia zabuni hizi kwa sababu ni hela ya serikali, sikilizeni. Mfungwa hawezi kuhamia maabara ya jirani ukimpima ovyo. Kanuni za Nelson Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinasema atibiwe kwa kiwango kile kile cha raia wa nje, na uamuzi wa kitabibu ni wa mtaalamu. Askari asiyekuwa mtaalamu wa afya hawezi kuutengua. Liingizeni hilo kwenye mkataba. Mimi niliwahi kuambiwa "huyo anajifanya" kwa kijana anayetetemeka ukutani. Nikampima. Malaria, plasi tatu, yaani vimelea tele kwenye damu. Mkataba wangu haukuwa na hata mstari mmoja wa kunilinda kama wangenifukuza.

Ulipoisha sikuomba tena, miaka miwili nimekaa kimya. Mwaka huu nimeomba. Bei ni kwa kila kipimo, na koti nimeshona jipya, halina kola.