Mapenzi Ambayo Karen Blixen Hakuyataja Kitabuni

SWALI: Ndugu Mhariri, baada ya kutazama filamu ya Out of Africa nilikitafuta kitabu cha Karen Blixen, mwandishi wa Denmark, chenye jina hilohilo, nikakisoma chote. Sikuona popote mwandishi akisema kwamba Denys Finch Hatton alikuwa mpenzi wake. Je, mapenzi yale yalitungwa na watengenezaji wa filamu? Na nyumba tunayoiona ndiyo ile ya makumbusho ya Nairobi?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Ndugu msomaji, umesoma kwa makini. Mapenzi hayo yalikuwapo kweli, ila Karen hakuyatangaza. Katika kitabu chake cha mwaka 1937, Denys ni rafiki afikaye kwenye shamba la kahawa la Karen huko Ngong baina ya safari zake za uwindaji, akaleta santuri, akamfundisha Kilatini, akaketi usiku kusikiliza hadithi, na baadaye akamrusha kwa ndege juu ya vilima. Hata mumewe, Bror Blixen, ambaye walifunga ndoa Mombasa mwaka 1914 na kuachana mwaka 1925, hatajwi ila kwa nadra sana.

Yaliyofichwa humo yalijulikana kupitia barua alizowaandikia jamaa zake Denmark, pamoja na vitabu vya maisha yao vilivyoandikwa na Errol Trzebinski na Judith Thurman. Mwandishi wa muswada, Kurt Luedtke, alivitumia vitabu hivyo viwili pamoja na maandishi ya Karen mwenyewe, na mwongozaji Sydney Pollack akatoa filamu hiyo mwaka 1985, ikapata tuzo 7 za Oscar.

Kilichotungwa ni namna ya kusimulia. Filamu inawakutanisha wapenzi hao kwenye treni Karen anapoingia nchini, ilhali walifahamiana mwaka 1918, akiwa amekwisha kukaa Kenya miaka minne. Denys alikuwa Mwingereza wa ukoo wa kikabaila, lakini Robert Redford, anayemwigiza, anaongea kama Mmarekani. Hayo nayavumilia. Ninalosikitikia ni kwamba, ili kuwapa nafasi wapenzi wawili, filamu imewasogeza pembeni watu wanaokijaza kitabu: Farah Aden, Msomali aliyesimamia nyumba, kijana Kamante aliyekuwa mpishi hodari, na familia za Wakikuyu waliokuwa wakiishi katika ardhi ile kabla haijaitwa shamba la mtu.

Hata hivyo, nakuomba urudie sehemu ya mwisho ya kitabu. Denys alikufa Mei 1931 ndege yake ilipoanguka Voi, na Karen anaeleza alivyopanda vilima vya Ngong kwenye ukungu kutafuta mahali pa kaburi, mahali ambapo wao wawili walikuwa wamepachagua zamani. Neno mpenzi halimo, lakini kwangu mimi kurasa hizo zinasema zaidi ya busu lolote lililopigwa picha.

Kuhusu nyumba, makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 1986 katika mtaa wa Karen ndiyo nyumba aliyoishi hadi alipoondoka Kenya mwaka 1931, baada ya shamba la kahawa kufilisika. Hata hivyo, nyumba inayoonekana katika filamu ni nyingine, ile ya Mbagathi iliyo jirani, ambamo Karen na Bror waliishi miaka yao ya mwanzo kabla ya kuhama.