PDF ya Kiingereza si sheria ya Misri

SWALI: Mimi ni wakili Mombasa. Mteja wangu aliuza chai kwa mnunuzi wa Alexandria, ambaye sasa anadai ilifika na ukungu. Mkataba unafuata sheria ya Misri. Nimepata mtandaoni PDF ya Kiingereza ya Sheria yao ya Madai. Kifungu cha 452 kinampa mnunuzi mwaka mmoja wa kudai. Je, inatosha?

JIBU: Haitoshi, wakili. PDF hiyo naijua: skani iliyopinda, haina jina la mfasiri wala tarehe. Naletewa mara kwa mara, na kila anayeileta anadhani ameshika sheria mkononi. Sheria ya Misri ni ya Kiarabu, nayo huchapishwa katika al-Jarida al-Rasmiyya, gazeti lao rasmi. Tafsiri ni ya kukusaidia kusoma, basi.

Mtego wenyewe ni huu. Kifungu kipya kikichomekwa katikati ya sheria, Wamisri hawapangi namba upya. Huchukua namba iliyopo na kuiongezea neno “mukarrar”, ndugu wa “kariri” yetu. Tafsiri ya kabla ya marekebisho haina kifungu hicho, lakini namba zake zinafuatana bila pengo, kwa hiyo jicho halishtuki. Na si vifungu tu, hata sheria nzima hubadilishwa: wapo wanaonitumia hadi leo sheria ya kazi namba 12 ya 2003, ilhali namba 14 ya 2025 imeshika nafasi yake tangu 1 Septemba 2025.

Tafuta kwa Kiarabu, kwa namba na mwaka: qanun raqm 131 li-sanat 1948, yaani sheria namba 131 ya mwaka 1948, ndiyo hiyo Sheria ya Madai. Anza na Manshurat, hifadhi ya bure, kisha tovuti ya Mahkamat al-Naqd, mahakama yao ya kasesheni, kwa hukumu. Eastlaws ni ya kulipia. Mwongozo wa GlobaLex, tovuti ya utafiti wa sheria, ni wa Kiingereza na unaonyesha njia vizuri, ila usiunukuu mahakamani.

Sasa chai yako. Misri imo katika Mkataba wa Vienna wa 1980 wa mauzo ya kimataifa ya bidhaa, unaotumika kwao tangu 1988. Kenya haimo, lakini kifungu chake cha 1(1)(b) kinauingiza pale sheria inayotawala mkataba inapokuwa ya nchi mwanachama. Kama mkataba wenu wa chai hausemi kwamba huo wa Vienna hautumiki, basi kabla ya 452 yako soma vifungu vyake vya 38 na 39: mnunuzi alikagua lini, na alitoa taarifa ndani ya muda unaofaa? Ajabu ni kwamba hapa Kiingereza ni rasmi kabisa, moja ya lugha 6 za mkataba huo, na maandishi yake yako bure kwenye tovuti ya UNCITRAL, kamisheni ya Umoja wa Mataifa ya sheria ya biashara ya kimataifa. Hukuyatafuta.

Na shauri likifika mahakama ya Kenya, sheria ya kigeni huthibitishwa kwa ushahidi. Kifungu cha 48 cha Sheria ya Ushahidi kinapokea maoni ya mtaalamu. Ajiri wakili wa Misri.

Wauzaji wa “sheria zote za Waarabu” kwenye WhatsApp waache na mafaili yao. Roboti za kujibu maswali nazo ni hizo hizo: juzi kijana mmoja aliniletea kifungu cha Misri kilichotoka huko, kimepambwa hadi namba ya hukumu. Nikamwambia aniletee toleo la gazeti. Bado namsubiri.