Pasimoni Handeni: mti ulionishinda na miti iliyonikubali

Miaka sita iliyopita nilipanda miche mitatu ya pasimoni shambani kwangu Handeni, kwa kuwa nilikuwa nimesoma kwamba mti huo wa Asia ya Mashariki huvumilia ukame ukishakomaa. Maelezo hayo yalikuwa ya kweli, ila sikuzingatia kwamba pasimoni hupukutisha majani na kupumzika, na ili uchanue vizuri baada ya hapo huhitaji kipindi cha baridi, ambacho sisi wa tambarare hatukipati. Miche miwili ilikufa kwa jua la Januari. Wa tatu ungali hai, una majani ya kupendeza, na haujazaa hata tunda moja. Mwenye hamu ya tunda hilo, ambalo aina zake nyingi zikiwa bado ngumu zina ukakasi kama wa bibo, afadhali ajaribu milimani Lushoto, kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, ambako pichi na plamsi hustawi.

Huku chini nimebaki na maembe, komamanga, ndimu na ukwaju, na hata hiyo sikuipata kirahisi. Mwanzoni nilikuwa nikimwagia kila mche kopo moja la maji kila jioni, nikijiona mkulima hodari, kumbe maji yalikuwa yakiishia juu juu, mizizi nayo ikabaki huko huko ikiyafuata, na udongo ulipokauka siku mbili tu miche ikanyauka. Sasa mche mchanga naupa ndoo ya lita 20 mara moja au mbili kwa wiki, polepole, ili maji yazame. Kwa miche iliyo mbali na kisima nafukia kando yake chungu cha udongo kisichopakwa rangi, nakiacha mdomo nje, nakijaza maji na kukifunika. Maji huvuja kidogo kidogo hadi kwenye mizizi.

Mashimo nayachimba Februari, sentimita 60 kila upande, nikitenga udongo wa juu ili niuchanganye na samadi iliyooza, kisha nasubiri masika. Mvua zikikaribia kwisha, naweka matandazo mazito ya nyasi kavu, lakini nayaacha umbali wa kiganja kutoka kwenye shina, kwani mchwa wa Handeni hawahitaji kukaribishwa mara mbili.