Kisima kimegeuka chumvi: ni bahari imepanda ama ni pampu?

SWALI: Salaam aleikum inginia. Kisima chetu hapa Langoni, Lamu, tangu enzi za nyanya twachota maji matamu kwa ndoo. Tumeweka pampu ya umeme huu mwaka wa tatu, na sasa chai hainyweki, na bamvua ikija (bahari ikijaa sana) ndio balaa zaidi. Mume wangu asema ni tabianchi hii, nchi tajiri ndizo zilizochafua na pesa zake zipo. Je, twaweza kuzipata tukachimba kisima kirefu zaidi?

JIBU: Waaleikum salaam dadangu. Nusu ya jibu umelitoa mwenyewe uliposema pampu.

Chini ya mchanga wetu maji ya mvua yameelea juu ya maji ya bahari kama samli juu ya supu, kwa sababu ni mepesi kidogo (lita ya bahari ina uzito wa gramu 1,025 hivi, ya mvua 1,000). Hesabu yake ni kwamba kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari inabeba kama mita 40 chini yake, sasa geuza hesabu hiyo uone, ukishusha maji ya kisima sentimita 10 tu na ukawa hivyo kila siku, chumvi huko chini inataka kupanda mita 4. Haifiki leo wala kesho, lakini yaja, na ndio mkaiona baada ya muda. Ndoo ya nyanya ilikuwa haifanyi hivyo, alichota kidogo akakiwacha kisima kikapumua.

Bahari nayo imepanda kweli, wastani wa dunia ni kama sentimita 20 kuanzia 1901 hadi 2018 na mwendo unaongezeka, kwa hivyo mumeo hajakosea, ila kwa kisima chako mimi nitaishika pampu kwanza.

Kuchimba zaidi usithubutu! Chini ndiko chumvi iliko, utalipa fundi akuletee bahari.

Tafuta kile kipimo kidogo cha mkononi cha TDS (chumvi na madini yaliyoyeyuka majini), weka daftari, pima asubuhi kabla ya kuwasha na tena ukizima, siku za bamvua na siku za maji mafu (bahari ikipanda kidogo), miezi miwili hivi. Chini ya 600 (miligramu kwa lita) maji huwa na ladha nzuri, yakipita 1,000 ulimi unakataa, bahari yenyewe ni kama 35,000. Namba ikipanda baada ya kupampu na ikashuka ukipumzisha kisima, basi mwizi tumemjua. Halafu kipimo hicho hakioni vijidudu, na mitaa yetu vyoo vya shimo viko ukuta kwa ukuta na visima, so ya kunywa chemsha hata yakiwa matamu.

Dawa ni pampu ndogo, ining'inizwe karibu na uso wa maji isiwe chini kabisa, ijaze tangi polepole, na paa livune mvua ya masika. Wenzetu wa Kizingitini na Kiwayu wana majabia yao (matangi ya kuvunia mvua) tangu zamani, sisi wa mjini tumejisahau kwa sababu vilima vya mchanga vya Shela vinatunywesha, na bado watu wanatamani kujenga juu yake, sijui wanafikiri maji yanatoka kwa bomba tu.

Kuhusu pesa, zipo. Mwaka 2009 kwenye mkutano wa tabianchi kule Copenhagen nchi tajiri ziliahidi dola bilioni 100 kwa mwaka ifikapo 2020, zikatimia 2022, na kwenye ule wa Baku 2024 wakasema bilioni 300 kwa mwaka ifikapo 2035. Lakini mfuko mkubwa kama GCF (Mfuko wa Kijani wa Tabianchi) haumpi mtu wala nyumba, pesa zapitia taasisi zilizoidhinishwa, hapa Kenya mojawapo ni NEMA, mamlaka ya mazingira. Mlango wako wa karibu ni kamati ya tabianchi ya wadi, ile ya FLLoCA, mpango wa serikali wa kufadhili kazi za tabianchi mashinani, na pale usiende na ombi la kisima chako, nendeni mtaa mzima na ombi la jabia ama matangi ya mvua, na daftari mkononi, maana maneno "maji yamekuwa chumvi" wameyasikia sana, vipimo vya miezi miwili ni wachache wanaokuja navyo.

Nitumie namba za bamvua mbili za kwanza, tuone pampu tuipandishe kiasi gani.