Mabaka Yasiyoisha: Dai Kipimo cha Kinyama

Krimu za steroidi za kwenye kemisti zina shida moja kubwa: zinafanya kazi. Mjomba wangu hapa Kisumu alikuwa akizipaka, mabaka ya mapajani na matakoni yanafifia, akiacha yanarudi mapana zaidi. Aliambiwa ni choa, baadaye ukurutu, mwisho mzio wa sabuni. Kumbe ni mycosis fungoides, limfoma, yaani saratani ya chembe nyeupe za damu aina ya T, inayoanzia kwenye ngozi. Ni nadra na huenda polepole, ndiyo maana wengi hukaa nayo miaka bila kujua. Kwenye ngozi nyeusi pengine baka hutokea jeupe, watu wakadhani ni ukoma.

Macho peke yake hayatoshi, hata yawe ya daktari. Dai ukatwe kinyama kipelekwe maabara. Muulize daktari wa ngozi uache krimu lini. Kwa kawaida ni wiki 2 hadi 4 kabla, la sivyo dawa inaficha chembe zinazotafutwa. Jibu likija "ukurutu" na mabaka yakazidi kurudi, kikatwe kingine, mahali pengine. Mjomba alinung'unika, "Kwani mimi ni mbuzi?" Lakini kinyama cha kwanza hakikuonyesha kitu.

Jambo ambalo wengi hawaambiwi: kinyama hicho huhifadhiwa ndani ya kijibonge cha nta, kidogo kuliko kiberiti. Unaweza kuomba kipelekwe maabara kubwa kikapimwe zaidi bila kukatwa tena. Chetu kilipanda matatu hadi Eldoret, ndani ya bahasha. Hakikisha fomu inasema mabaka yalianza lini na umepaka nini; anayechungulia hadubini hamwoni mgonjwa.

Vivimbe vya zambarau ni habari nyingine. Huku kwetu saratani ya Kaposi hutajwa kwanza, na si ajabu, ipo. Ila kuna saratani ya damu adimu, BPDCN, inayoanza kama alama ya kuvilia damu, hasa kwa wanaume wazee, na inakimbia hadi kwenye uboho. Maabara huitambua kwa protini zilizo juu ya chembe zake, ziitwazo CD4, CD56 na CD123. Ulizia kama zimepimwa.

Matezi ya kwapa au kinena yakivimba, au mwili mzima ukiwasha na kubanduka hadi usingizi ukatoweka, usingoje tarehe ya kliniki. Nenda, na uombe damu nayo ipimwe.