Maswali Yenu: Kukaa Peke Yako

SWALI: Nikijaribu kukaa peke yangu bila simu, hata dakika tano haziishi, mawazo ya zamani yananijaa na moyo unakwenda mbio. Watu husema utulivu huo ni dawa. Mbona mimi unanitesa?

JIBU: Unawatesa wengi. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani, walichapisha jaribio ambapo watu waliachwa chumbani dakika 15 na mawazo yao tu, karibu yao kitufe cha kujipiga shoti ya umeme. Wanaume 12 kati ya 18 walijipiga, ingawa awali walisema wangelipa pesa kuiepuka shoti hiyo.

Kukaa peke yako hupunguza makali ya hisia: hasira hushuka, na msisimko wa furaha pia. Ukija na huzuni, basi, usitarajie kuondoka unacheka. Huwanufaisha zaidi wanaokaa kwa hiari. Anayejilazimisha kama adhabu huishia kuhesabu dakika.

Anza na dakika 10, mchana au jioni mapema. Usianzie kitandani usiku: ukiwa umechoka, wazo dogo huwa jabali. Simu iache chumba kingine, maana ikiwa mfukoni, hata kama haina sauti, mkono utaifuata. Muda upime kwa saa ya kawaida. Mikono ipe kazi nyepesi kama kufuma au kukunja nguo, au tembea. Kukodolea ukuta macho ni kwa waliozoea.

Wazo moja likirudi mara ya tatu, liandike kwa sentensi moja, na chini yake hatua unayoweza kuchukua kesho. Hakuna hatua? Basi unatafuna lile lile. Inuka, nenda kwa watu. Dakika ziongeze pale tu 10 zinapopita bila kero. Lakini huzuni ikidumu wiki mbili, usingizi au hamu ya kula ikipotea, acha mazoezi haya umwone daktari. Ukiwaza kujidhuru, usisubiri hata siku moja.

SWALI: Mume wangu akitoka kazini hujifungia chumbani saa nzima. Ananikimbia?

JIBU: Tazama anavyotoka humo. Akitoka ametulia, anaongea, alikuwa anapumzika. Kubalianeni muda na nani atashika watoto. Akitoka mkali kuliko alivyoingia, au saa moja ikawa tatu, muulize, ila si mlangoni anapoingia. Subiri mmalize kula.